Kielelezo Namba Kumi na Nne

Barua imefika Jumanne, muhuri bado unanuka wino:
Jamhuri haina tena nia ya kuendelea.
Rejesha vielelezo kwa wenyewe.
Chini yake sahihi, ndefu kama mkia wa panya.

Mimi ndiye Aikande, mtunza stoo wa mahakama, Moshi mjini,
chumba cha nyuma, dirisha moja,
na Kibo akiamua kuonekana, naonjeshwa kipande.
Miaka saba nimeishi na kampuni ya kahawa ya Nanjara:
makasha kumi na matatu, na mzani.
Nimewafukuzia mchwa. Masika ilipopenya bati
nimewafunika kwa turubai langu la nyumbani.
Nawajua kuliko mashemeji zangu.

Kasha la pili lina vitabu viwili vya mwaka mmoja.
Cha watu wa kodi kimekonda, kinatia huruma;
chenzake kimenenepa.
Mwandiko ni ule ule, wa Ndelilio mhasibu,
saba zake zote kazikata kiuno
kama tulivyofundishwa darasa la pili.

Enzi zile walikuja alfajiri,
magari matatu, pingu, mpiga picha katangulia.
Uhujumu uchumi. Utakatishaji fedha. Dhamana hakuna.
Gazeti lilikwisha kabla ya saa mbili.
Mkurugenzi akaingia Karanga na viatu vya ngozi,
Ndelilio na ndala.
Upelelezi haujakamilika, mheshimiwa,
alisema wakili wa serikali,
akasema tena baada ya siku kumi na nne, akasema
hadi nikawa namwitikia kimoyomoyo.
Mama yake Ndelilio alizikwa Kibosho
kesi ya mwanawe ikiwa bado inatajwa.

Kisha huko juu wakabadili namna.
Sikusikia mlango ukifunguliwa;
nilisikia neno, makubaliano,
wakaanza kuja watu wa sauti ya chini
wenye kompyuta za mapajani, wanaokushukuru kwa maji ya kunywa.
Kiri, lipa, nenda. Huna zote? Lipa kwa awamu.
Mkurugenzi akakiri kosa dogo, la kutotunza kumbukumbu,
yeye, aliyezitunza mara mbili!
Awamu ya kwanza alilipa. Ya pili
mimi si wa kuulizwa.
Ndelilio hakuwa na awamu yoyote,
basi alitoka mwisho, kwa mlango mdogo,
na ndala zile zile.

Sisemi zamani palikuwa na haki. Zamani nilikuwepo.

Jana alikuja Mama Ndewirwa kutoka Uru,
kaketi kwenye benchi tangu ofisi haijafunguliwa.
"Mliniazima stakabadhi zangu," akasema.
Kweli tuliziazima. Kielelezo namba tisa,
vikaratasi arobaini na kimoja, kahawa ya misimu mitatu.
Nikamuuliza karani mkuu: barua inasema kwa wenyewe,
mwenye stakabadhi ni nani,
aliyeandika au aliyeandikiwa?
Akacheka, akaniambia niache falsafa, nijaze fomu.
Nilimpa mama karatasi zake. Alizihesabu zote,
akazifunga kwenye pindo la khanga.
Hakusema atazipeleka wapi.
Wakinishtaki, mimi awamu zitanishinda.

Leo limekuja Fuso la kampuni. Jina ni jipya,
rangi ya kijani, dereva ni yule yule, Kirenga,
kanisalimia kwa heshima, kapakia makasha yote
akiimba chini chini.
Umebaki mzani, kielelezo namba kumi na nne,
ule uliokula kilo moja katika kila nane
kutoka Old Moshi hadi Machame.
Nimekata lakiri. Nimepangusa vumbi.
Kirenga alipokwenda kunywa chai
nilivua viatu, nikapanda.

Hospitali ya Mawenzi wiki iliyopita
waliniandikia sabini na moja.
Sindano ilitetemeka, ikatulia
sitini na mbili.

Nimeshuka, nimevaa viatu,
nimesaini: umerejeshwa, u mzima.